Telekomandi kwenye gari la zamani: mambo ya kumuuliza fundi kabla hajakata waya

Dereva anayerudi nyumbani usiku katika mtaa wa Hewa Bora, mjini Lubumbashi, anajua kwamba dakika ngumu za safari yake si zile za barabarani. Ni zile za mbele ya mlango wa lupango. Umeme wa SNEL ukiwa umekatika, hakuna taa. Anapiga honi, anangoja mlinzi afungue, au anashuka mwenyewe. Na kama gari lake ni la zamani, kazi haijaisha: atafute tundu la kitasa gizani, azungushe ufunguo, kisha alizunguke gari zima kuhakikisha hakuna mlango uliobaki wazi.

Ndiyo sababu wenye magari ya zamani wanatamani kitu ambacho magari mapya yanacho tangu kiwandani: telekomandi. Unabonyeza mara moja, milango yote inajifunga. Habari njema ni kwamba si lazima kununua gari jipya ili kupata hilo. Kisanduku kidogo, nyaya chache na fundi wa umeme wa magari anayejua kazi yake vinatosha.

Lakini kisanduku hicho hicho kikifungwa ovyo kinaweza kumaliza bateri, kuunguza nyaya, au kumfungulia mwizi gari bila kuvunja kioo. Na mara nyingi tofauti kati ya kazi nzuri na kazi mbaya inaamuliwa na maswali ambayo mwenye gari anauliza kabla waya wa kwanza haujakatwa.

Nusu ya kazi imekwisha fanyika

Magari mengi ya okazyo yanayotembea Lubumbashi yalitengenezwa kwa ajili ya wateja wa Japani. Yanashushwa bandarini Dar es Salaam, yanavuka Tanzania na Zambia, yanaingia Kongo kwa njia ya Kasumbalesa. Mengi kati yake, hata yale ya miaka ya 1990, yana tayari milango inayojifunga kwa umeme. Ukibonyeza swichi iliyo kwenye mlango wa dereva, milango mingine inafuata. Ndani ya kila mlango mna mota ndogo inayosukuma au kuvuta kijiti cha kitasa.

Gari la namna hiyo halihitaji mota mpya. Lina mikono, linakosa masikio. Kisanduku cha telekomandi ndicho masikio: kinasikiliza redio ya ile rimoti unayoshika mkononi, kisha kinafanya kazi ile ile ambayo kidole chako kingefanya kwenye swichi ya mlango.

Teknolojia hii si ya jana. Gari la kwanza kuuzwa likiwa na telekomandi ya kufungua milango lilikuwa Renault Fuego, mwaka 1982. Aliyeibuni ni Paul Lipschutz, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Neiman ya Ufaransa, ile ile ambayo jina lake wanaosema Kifaransa wanaliita mahali pa kuingiza ufunguo wa kuwashia gari. Wafaransa wakaiita telekomandi hiyo «plip», jina lililotokana na jina lake mwenyewe. Ile ya kwanza ilitumia mwanga usioonekana kwa macho, kama rimoti ya televisheni. Za leo zinatumia mawimbi ya redio, kwa hiyo si lazima uielekeze kwenye gari sawasawa.

Kama gari lako halina kabisa mfumo wa kujifunga kwa umeme, kazi ni kubwa zaidi. Inabidi kufungua kila mlango na kuweka mota. Ile ya mlango wa dereva kwa kawaida huwa na nyaya tano, kwa sababu ndiyo inayotoa amri kwa nyingine. Zile za milango mingine huwa na nyaya mbili tu. Fundi akikuletea mota nne zote za nyaya mbili, ukifunga mlango wa dereva kwa ufunguo, milango mingine haitafuata; itatii telekomandi peke yake.

Jaribio la dakika tano

Kabla ya kununua chochote, simamisha gari pahali penye utulivu, zima injini, bonyeza swichi ya kufunga na kufungua mara kumi mfululizo. Sikiliza kila mlango. Milango yote ikigonga kwa nguvu moja, mfumo ni mzima. Mlango mmoja ukichelewa, ukigonga kwa unyonge au ukinyamaza, tengeneza huo kwanza. Telekomandi haiponyeshi mlango mgonjwa. Itakudanganya tu: utabonyeza, utasikia milango mitatu ikijifunga, utaondoka ukiamini kwamba yote minne imefungwa.

Ugonjwa wa kawaida hauko kwenye mota. Uko pale nyaya zinapotoka kwenye mwili wa gari kuingia mlangoni, ndani ya mpira mweusi ulio karibu na bawaba. Kila mlango unapofunguliwa, nyaya hizo zinajikunja. Baada ya miaka 20 waya mmoja unakatika ndani ya ngozi yake, na kwa nje hakuna kinachoonekana. Fundi mwenye haraka atakuuzia mota mpya. Fundi mwenye subira atavuta ule mpira kwanza.

Hali ya hewa ya Katanga nayo ina mchango wake. Wakati wa kiangazi vumbi jekundu linaingia kwenye vitasa na kushikana na mafuta ya zamani. Mvua zinapoanza, maji yanateremka kando ya kioo hadi ndani ya mlango. Kitasa kilichokauka kinailazimisha mota kutumia nguvu nyingi. Kukisafisha na kukipaka mafuta mepesi ni kazi ndogo kuliko kubadilisha mota.

Nyaya hazisemi lugha moja

Hapa ndipo fundi wa kweli anapojulikana. Magari hayatoi amri ya kufunga milango kwa namna moja, na kisanduku kikiungwa kwa namna isiyolingana na gari, kitu kitaungua.

Namna ya kwanza ni ya masi. Swichi ya mlango inagusisha waya mwembamba na chuma cha gari kwa muda mfupi, na kisanduku cha gari lenyewe kinaelewa kwamba ni amri. Magari mengi ya Kijapani yanafanya hivyo. Hii ndiyo rahisi: nyaya za telekomandi zinaungwa kando ya zile za swichi, bila kukata waya wowote.

Namna ya pili ni kinyume chake. Amri haipiti kwa masi bali kwa volti 12. Kazi ni ile ile, lakini ukikosea na kupeleka masi kwenye waya unaongoja volti 12, au kinyume chake, unaweza kuua kifaa cha gari ambacho si rahisi kukipata kwenye maduka ya vipuri.

Namna ya tatu haina kisanduku cha katikati. Umeme wa mota unapita moja kwa moja kwenye swichi. Gari likitulia, nyaya zote mbili za mota ziko kwenye masi. Ukifunga, mmoja unapata volti 12. Ukifungua, ni ule mwingine. Hapo ni lazima kukata nyaya hizo mbili na kuingiza relee za telekomandi katikati. Atakayeziunga kando tu bila kukata atakutanisha volti 12 na masi, na fizibli italipuka siku hiyo hiyo. Na kama hakuna fizibli, waya wenyewe ndio utakaowaka.

Fundi anatambuaje namna ya gari lako? Kwa kupima, si kwa kukisia wala kwa kufuata rangi za nyaya. Anachukua kipimo cha volti, anagusa waya mmoja mmoja huku mtu mwingine akibonyeza swichi. Lampu ya kupimia ambayo mafundi wengi wanabeba mfukoni inasaidia kwa mambo ya taa na honi, lakini inavuta umeme mwingi kuliko kipimo, na inaweza kudhuru vifaa vidogo vya kompyuta ya gari. Na kuna nyaya ambazo haziguswi kabisa: zile zenye ganda au soketi ya manjano chini ya usukani. Kwa kawaida hizo ni za mifuko ya hewa inayofumuka wakati wa ajali.

Kuna mtego mwingine wa kwetu hapa. Kongo tunaendesha upande wa kuume wa barabara, lakini magari mengi yaliyotoka Japani yana usukani upande wa kuume pia. Michoro ya nyaya inayopatikana kwenye intaneti mara nyingi ni ya magari ya Ulaya au Marekani, yenye usukani wa kushoto. Ukiifuata kama ilivyo, utafungua plastiki za upande ambao si wenyewe. Nyaya za swichi kuu zinaufuata mlango wa dereva, popote dereva anapokaa.

Fizibli ndogo inayookoa gari

Kisanduku cha telekomandi kinahitaji umeme usiokatika, hata injini ikiwa imezimwa na ufunguo uko mfukoni mwako. Fundi atauchukua kwenye waya mnene unaotoka kwenye bateri. Waya huo haukatiki hata gari likilala. Ukichubuka na kugusa chuma saa nane ya usiku, hakuna atakayekuwapo kuuzima.

Kwa hiyo fizibli ni ya lazima, na iwekwe karibu na pahali umeme unapochukuliwa, si mwisho wa waya. Vifaa vingi vya namna hii vinaomba fizibli ya ampea 10 au 15. Fuata kilichoandikwa kwenye karatasi ya kifaa. Ikikatika, tafuta sababu. Usiweke ya ampea 30 wala kipande cha waya wa shaba. Viungo vya nyaya viwe vimechomelewa kwa risasi au kubanwa kwa kiungo maalum, kisha vifunikwe vizuri. Nyaya zilizosokotwa kwa vidole na kuzungushiwa ukanda wa plastiki hulegea. Joto la mwezi wa kumi linalainisha gundi, mashimo ya barabara yanamalizia kazi.

Swali lingine ni la bateri. Kisanduku kinasikiliza saa zote, na kusikiliza kunakula umeme kidogo. Kikila miliampea 20, bateri ya ampea-saa 45 ingechukua zaidi ya siku 90 kuisha. Hiyo haina shida. Lakini kikila miliampea 200 kwa sababu ya ubovu au kazi mbaya, bateri hiyo hiyo inaisha ndani ya siku tisa, na baada ya siku nne au tano imeshafika nusu. Ukisafiri wiki moja kwenda Kolwezi kwa basi, unarudi unakuta gari halishtuki. Mwombe fundi apime umeme unaotumika gari likiwa limelala, kabla ya kufunga kisanduku na baada ya kukifunga. Ni kazi ya dakika chache, na ndiyo njia pekee ya kujua.

Neno la siri linalorudiwa kila siku

Hadi hapa tumesema juu ya umeme. Lakini anayefunga telekomandi kwa ajili ya usalama anapaswa kujua jambo ambalo halionekani kwenye paketi: rimoti yake inaliambia gari neno gani?

Rimoti za bei rahisi zina neno moja lisilobadilika. Kila unapobonyeza, zinatuma namba ile ile. Ni kama mtu anayepiga hodi kila siku kwa neno moja la siri, kwa sauti kubwa, mbele ya majirani. Mwenye kifaa cha kurekodi mawimbi anaweza kulinasa leo na kulirudia kesho. Hata rimoti za kunakili zinazouzwa kwa kufungulia milango mikubwa ya nyumba zinaweza kujifunza neno la namna hiyo kwa sekunde chache, zikiwekwa karibu na rimoti yako. Kwa hiyo ukimwachia mtu funguo zako kwa muda, kwa mfano pahali pa kuoshea gari, umemwachia pia nafasi ya kutengeneza nakala.

Namna iliyo bora ni ya neno linalobadilika. Kila ukibonyeza, rimoti inatuma namba mpya, na kisanduku kinakataa ile iliyokwisha tumika. Mfumo mmoja uliosambaa sana ulimwenguni kwa kazi hiyo, KeeLoq, ulizaliwa hapa hapa Afrika: ulibuniwa katikati ya miaka ya 1980 na kampuni ya Nanoteq ya Afrika Kusini, ukauzwa mwaka 1995 kwa kampuni ya Microchip ya Marekani. Si ukuta usiobomoka. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bochum, Ujerumani, walionyesha namna ya kuuvunja. Lakini kazi hiyo inahitaji elimu na vifaa, wakati neno lisilobadilika linahitaji rimoti ya kunakili tu.

Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji ni fupi: neno la rimoti hii linabadilika au halibadiliki? Asiyejua kujibu, usinunue kwake. Na usimkubalie anayekuuzia rimoti ya okazyo peke yake, iliyotoka kwenye gari lingine. Rimoti na kisanduku lazima viwe vya mfumo mmoja. Rimoti za Ulaya kwa kawaida zinatumia megahezi 433,92. Nyingi za Japani na Marekani ziko karibu na 315. Zisiposikilizana, hakuna kitakachofunguka.

Kuna pia ujanja ambao hauhitaji kujua neno lolote. Mwizi anasimama karibu na maegesho akiwa na kifaa kinachopiga kelele kwenye mawimbi yale yale. Unabonyeza ukiwa unatembea kwenda zako, gari halisikii, milango inabaki wazi. Afrika Kusini polisi wamekuwa wakiwaonya madereva juu ya ujanja huu kwa miaka mingi. Dawa yake haina gharama: bonyeza ukiwa karibu, sikiliza milango ikigonga, tazama taa zikikonyeza, kisha vuta mkono wa mlango. Ndipo uende.

Kile ambacho telekomandi haifanyi

Wengi wanadhani kwamba gari likishapata telekomandi limepata ulinzi. Si hivyo. Kisanduku cha kawaida kinafunga milango tu. Aliyevunja kioo na kujua kuunganisha nyaya za kuwashia bado anaweza kuondoka na gari. Kuzuia injini isiwake ni kifaa kingine, na inafaa kukiuliza kwa bei yake ya pekee.

Lakini kuna mambo mawili ambayo kisanduku kizuri kinaweza kusaidia mbele ya lupango. La kwanza ni kufungua kwa hatua mbili: ukibonyeza mara moja unafunguka mlango wa dereva peke yake, mara ya pili ndipo milango mingine. Kwa mama anayerudi peke yake usiku, ni tofauti kubwa kati ya kufungua mlango mmoja na kumfungulia kila aliyejificha upande wa pili. La pili ni milango kujifunga gari linapoanza safari. Si visanduku vyote vyenye hayo. Uliza kabla ya kulipa.

Hata hivyo, milango inayojifunga yenyewe ina hatari yake. Visanduku vingine vinafunga tena baada ya sekunde 30 hivi kama hakuna mlango uliofunguliwa. Ukifungua buti, ukaacha funguo ndani, unaweza kubaki nje ukiyatazama magari ya wenzako yakipita. Hatari kubwa kuliko hiyo ni mtoto. Gari lililofungwa kwenye jua linapata joto haraka sana, hata kioo kikiachwa wazi kidogo. Mtoto asiachwe ndani hata kwa dakika chache, na rimoti isiwe mchezo wake. Hakikisha pia kwamba kila mlango unaweza kufunguliwa kwa mkono kutoka ndani. Siku ya ajali au ya moto bateri inaweza kuwa imekufa, na hakuna kisanduku kitakachokusikia.

Kwa sababu hiyo hiyo, usiutupe ufunguo wa chuma. Bateri ya gari ikiisha, au ile ndogo ya rimoti, ufunguo ndio utakaokufungulia. Kitasa kisichotumika mwaka mzima kinashikwa na vumbi na kukataa kuzunguka. Kifungue kwa ufunguo angalau mara moja kwa wiki ili kibaki hai.

Siku ya kupokea gari kutoka garaji

Patana na fundi bei ya kifaa na bei ya kazi, kila moja peke yake, iwe kwa franka au kwa dola, na mpatane nani atagharamia kitu kikiungua. Akimaliza, usilipe ukiwa umesimama nje. Ingia ndani. Mwombe akuonyeshe fizibli iko wapi na ya ampea ngapi. Mwombe akuonyeshe viungo vya nyaya kabla ya kurudisha plastiki. Bonyeza rimoti mara kumi kwa karibu, kisha mara kumi kwa mbali. Jaribu ile ya pili pia, kwa sababu visanduku vingi vinakuja na mbili. Jaribu ufunguo wa chuma.

Mwisho, mwombe akufundishe kufuta rimoti zote kwenye kumbukumbu ya kisanduku na kuziingiza upya. Visanduku vingi vina kitufe kidogo cha kazi hiyo. Utakihitaji siku utakapopoteza rimoti, siku shofa wako atakapoacha kazi bila kuirudisha, au siku utakaponunua gari ambalo mwenye zamani alikuwa na rimoti ya tatu. Kubadilisha kitasa cha mlango ni kazi ya siku nzima. Kufuta rimoti ni kazi ya dakika mbili, ila kwa yule tu anayejua kitufe kiko wapi.